Mashine Iliyochemka Kaloleni

Achieng alinipigia simu asubuhi moja nikiwa sokoni Kitale nikichagua maharagwe. “Nafula, Mama ameenda,” akasema, nami nikaketi juu ya gunia la muuzaji bila kuomba ruhusa. Mama huyo hakuwa mama yangu. Alikuwa mama yake Ouma, na Achieng ni dada mdogo wa Ouma, na mimi kwao ni nani, hapo ndipo kalamu inasita, kwa sababu neno la kunitaja halikuwahi kupatikana. Nilifanya kazi na Ouma mwaka mmoja tu, Kisumu, nikiwa msichana wa miaka ishirini na kitu, na kabla mwaka ule haujaisha Ouma hakuwepo tena. Tangu siku ya mazishi yake sikukanyaga kwao Uyoma. Nilikuwa na sababu yangu, nami niliibeba miaka yote kama mwiba ulioingia mguuni ukakataa kutoka. Safari hii nikaenda. Chini ya hema msichana mmoja akanipa programu ya mazishi ya Mama, karatasi za kung'aa, rangi kila ukurasa, Mama na wajukuu, Mama na kuku, Mama kanisani na kofia ya sherehe. Nikaigeuzageuza mkononi. Ilikuwa kazi safi, na nikaona wivu wa kijinga. Siku hizi nani anajua jinsi tulivyozitoa programu hizi kwenye mashine moja iliyokuwa ikichemka, roho zikiwa mkononi?

Chumba chetu kilikuwa cha mbele katika nyumba ya zamani ya baraza la mji, mtaa wa Kaloleni. Kuta zilipakwa rangi ya mafuta ya buluu hadi usawa wa bega, na juu yake chokaa nyeupe iliyodondoka vipande vipande ndani ya chai. Palikuwa na meza, mashine, printa ya wino, benchi la wateja, na pazia. Nyuma ya pazia kitanda cha Ouma na stovu ya mafuta ya taa ambayo harufu yake iliingia hata kwenye karatasi. Kazi yetu ilikuwa programu za mazishi. Watu wa kule huzikwa Jumamosi, kwa hiyo Alhamisi na Ijumaa benchi lilijaa wenye macho mekundu, kila mmoja ameshika picha ya marehemu na majina ya kuandikwa. Nilijifunza mambo ya ndoa na ukoo pale zaidi kuliko nilivyofundishwa kanisani. “Huyo mwanamke asiandikwe, hakulipiwa mahari,” mmoja anasema. “Ataandikwa na watoto yake yote,” mwingine anajibu, “ama hiyo mazishi mfanye bila mimi.” Nakumbuka ndugu wawili kutoka Muhoroni, waliofiwa na kaka aliyekuwa dereva wa lori la miwa, wakabishana nusu siku kama iandikwe ajali ama ugonjwa wa muda mfupi. Mimi napiga chapa, nafuta, napiga tena. Nilikuwa mdogo na niliona kifo ni mali ya watu wengine, kitu kinacholetwa dukani ndani ya bahasha.

Mashine ilianza kutusumbua wakati wa mvua ndefu. Unakuwa katikati ya wasifu wa marehemu, umefika pale pa kuacha mjane na watoto, na skrini inakuwa nyeusi. Umeme uko, taa inawaka, redio ya jirani inaimba, lakini mashine imekata roho. Unangoja kidogo, unaiwasha, inakubali, unaanza upya huku mteja anakutazama kama wewe ndiye uliyemuua ndugu yake. Ouma hakuwa mtu wa kupayuka. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alizungumza na vyombo kama mtu anavyozungumza na ng'ombe wake akimkamua. Aliweka kiganja ubavuni mwa sanduku la mashine, akafumba macho. “Huyu mgonjwa ako na homa,” akasema. “Nafula, vuta kiti tumpime.” Akaiwasha huku akibonyeza kitufe mpaka ukatokea ukurasa wa buluu, ule unaokuja kabla mashine haijaamka sawasawa, na pembeni yake palikuwa na joto la prosesa. Prosesa ndiyo inayofanya kazi yote ya kufikiri ndani ya kompyuta, nayo haipendi kuchemka. Tuliketi bega kwa bega tukitazama namba zikipanda: hamsini, sitini, sabini na kitu. Ilipokaribia tisini ikazimika mbele ya macho yetu. “Umeona?” akasema, kwa furaha ambayo sikuielewa. “Haijaharibika. Ikisikia inakaribia kuungua inajizima yenyewe. Inajiokoa.” Nimeyafikiria maneno hayo mara nyingi tangu wakati ule. Mashine ilipewa akili ya kusimama kabla ya kuangamia, na mtu mwenye akili kama Ouma hakupewa.

Basi mwaka ule ukawa mwaka wa kutafuta joto linatoka wapi. Ouma alikuwa na sheria yake: hakugusa vitu viwili kwa mara moja, maana ukibadilisha vyote pamoja na mashine ikapona, hutajua kilichoiponya. Alianza na kisanduku cha umeme, akatia kingine alichokitoa kwenye mashine mbovu ya soko la Kibuye. Joto halikusikia. Kisha akaja kwenye prosesa yenyewe. Juu yake huketi kipande kizito cha alumini chenye mapezi membamba yaliyosongamana, na juu ya mapezi kuna feni. Joto la prosesa hupanda kwenye mapezi, feni huyapuliza, joto likaondoka. Kati ya prosesa na alumini hupakwa grisi nyeupe ili joto lipite bila kukwama. Ouma alikivuta kile kipande chote pamoja na feni yake, akakipindua, akakuta grisi imekauka na kupasuka. Akaifuta kwa pamba na spiriti, akapaka mpya. Alipokuwa akikirudisha, sikio moja la plastiki linalokishikilia likakatika. “Yawa!” akasema. Akalifunga kwa waya mwembamba wa shaba, akaapa kwamba hatakivuta tena mpaka mashine ife. Joto likashuka. Tulisherehekea kwa chapati na samaki ngege wa kukaanga kutoka kwa mama wa kona, na kwa majuma kadhaa nikapiga chapa bila wasiwasi. Halafu likaanza kupanda tena, polepole, kama mtu anayerudi nyumbani baada ya kufukuzwa.

Hapo ndipo tulipoanza kuharibu kwa mikono yetu huku tukidhani tunatibu. Ouma aliondoa kava ya ubavuni ili mashine ipumue. Akaweka feni ya mezani kando yake, mgongo wake umeelekea dirishani, ikivuta hewa ya jioni kutoka ziwani na kuisukuma ndani ya sanduku. Na kila juma aliazima pampu ya baiskeli kwa fundi wa boda boda aliyekaa nje ya mlango wetu, akapiga upepo kutoka juu ya ile feni ndogo, fuu, fuu, mpaka jasho likamtoka. Siku moja mbili mashine inatulia, kisha inachemka kuliko mwanzo. Mtu wa ufuoni akisoma hapa atauliza mbona tulikuwa vipofu. Mwezi ukiandama wale wadudu wa ziwani waitwao sam huinuka majini wakawa wingi hata ungedhani mtu anachoma shamba katikati ya ziwa, upepo ukawaleta mjini, nao wakafuata taa. Tulikula tukiwa tumefunika sahani. Asubuhi niliwazoa sakafuni kwa kizoleo, nikapangusa skrini, nikapangusa printa, na haikunijia hata siku moja kuwaza habari ya sanduku lililo wazi lenye feni inayovuta. “Kwetu Uyoma watoto wanawakinga na sufuria,” Ouma alinitania nilipokuwa nikiwaopoa kwenye chai. “Mama anawakanda, anawakausha, wanakuwa mkate nyeusi tamu. Siku nitakupeleka utaonja.” “Kaa na mkate wako,” nikamwambia. “Sisi kwetu tunakula mahindi.” “Ndio maana hamrefuki,” akasema, akacheka mpaka akashika meza.

Siku nitakupeleka. Alilisema mara nyingi, na kila mara moyo wangu uliruka, kwa sababu kwao hakuna aliyejua kwamba nipo. Nilikuwa msichana wa Kibukusu, jamwa, mtu wa nje kama wanavyosema Wajaluo, aliyeajiriwa na mtoto wao kupiga chapa. Tulipendana kwa namna ya watu walio na kazi nyingi: tunda limekatwa vipande viwili mezani, sweta langu kwenye msumari wake, yeye kunisindikiza mpaka kwa shangazi yangu, mtaa wa Nyalenda, akieleza habari za prosesa njia nzima. Alikuwa akingoja wakati mzuri wa kumwambia mama yake, na mimi nilikuwa katika umri wa kuamini kwamba wakati mzuri hujileta wenyewe. Siku moja mteja alimwachia kamera ndogo ya kompyuta, ile inayokaa juu ya skrini, aijaribu kama ni nzima. Ouma akaketi mbele yake, akajiona kwenye skrini, akanyoosha kola. “Kila wiki nasafisha sura ya watu,” akasema, “na yangu haiko mahali.” Nikasimama nyuma ya kiti, nikamwekea mkono begani, nikainamisha uso kando ya wake. Akabonyeza. Picha ikatokea: yeye anatazama mbele moja kwa moja, meno yote nje, nami nimekonyeza jicho moja bila kukusudia. Nilitaka tuichape, akasema wino ni wa wateja, na kabla hatujabishana zaidi mashine ikazimika. Picha ikabaki humo ndani.

Mwezi wa nane shule moja ya upande wa pili wa ghuba ikamwita akawatengenezee kompyuta. Aliondoka na begi la vifaa begani. “Usiwashe huyu mgonjwa sana,” akaniambia mlangoni. “Nikirudi nitamfungua kabisa, tuone roho yake.” Alimaliza kazi yake kule, akapanda boti iliyokuwa imejazwa makaa na watu. Upepo wa mchana ukaamka, boti ikapinduka. Wengine waliokolewa, wengine wakapatikana baadaye wamekwama kwenye magugu maji. Ouma hakupatikana. Habari niliipata kwa yule fundi wa boda boda, aliyeisikia kwenye redio ya Kijaluo, akaingia kuniambia na pampu yake mkononi. Nikaketi kwenye benchi la wateja. Nilikaa hapo siku zile zote, dirisha wazi, kava iko chini, feni ya mezani inazunguka kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuizima. Wapangaji wenzetu walipita wakimsikitikia Ouma. Mimi hakuna aliyenipa pole, maana hakuna aliyejua kwamba nimefiwa. Sijawahi kuwa peke yangu namna ile, kabla wala baada.

Wazee walipoacha kutafuta, mama yake akaja Kaloleni kuchukua nguo zake, na Achieng akiwa bado wa shule ya msingi amemshika leso. Alikuwa mwanamke mfupi, mabega mapana ya mtu aliyebeba ndoo za samaki maisha yake yote. Nyuma ya pazia alikunja shati moja moja, na kila moja alilinusa kwanza. Nikampa chai, hakuigusa. Alizungumza nami Kiswahili, kwa kuwa Kijaluo changu kilikuwa cha kununulia nyanya tu. “Ni wewe unaandikia watu mazishi?” “Ndiyo, Mama.” “Wazee wamesema tuzike yago.” Yago ni tunda la mti fulani, refu, zito, lenye ganda gumu. Kwao mtu akipotelea majini, tunda hilo hulazwa ndani ya jeneza mahali pake, likafunikwa shuka, likaliliwa na kuzikwa kama mtu, ili roho yake isibaki ikitangatanga. “Sikatai,” akasema. “Ni desturi yetu, tutafanya Jumamosi. Lakini nitalilia tunda aje? Nikiangalia kwa sanduku naona tunda. Machozi imekataa kutoka. Picha ya mtoto yangu iko moja tu, ya klasi tatu, wamesimama mingi, uso yake ni kama mbegu ya wimbi. Mimi nataka aniangalie. Mara moja tu. Halafu nitazika hiyo tunda.” Nikasema kabla sijafikiri: “Picha iko, Mama. Iko ndani ya hii mashine. Jumamosi asubuhi nitaleta mwenyewe, na programu.” Akanishika mikono yote miwili. “Nyathina,” akasema, mtoto wangu. Hakujua anamwambia nani.

Walipoondoka niliiwasha. Iliamka, nikafungua picha, nikamwona kwa kitambo cha kumeza mate, skrini ikawa nyeusi. Nikaiwasha tena, ikazimika kabla ya kuamka. Nikaiacha ipoe, nikajaribu tena, ikazimika mapema zaidi. Ilikuwa kama kumwona akizama mara ya pili, na mimi nimekaa kitini. Ijumaa asubuhi nikachomoa diski inayohifadhi kila kitu, nikaifunga kwa leso, nikaipeleka kwa saiba moja ya mjini, duka la kompyuta za kukodi. Kijana wa pale hakuinua macho. “Siwezi weka diski ya nje kwa mashine yangu, madamu. Virusi. Na leo kumejaa. Leta Jumatatu.” “Jumatatu atakuwa amezikwa,” nikamwambia. “Pole,” akasema, na nafikiri alimaanisha, lakini kichwa kilikuwa kimesharudi kwenye kazi yake. Nilitembea kurudi Kaloleni nikilia barabarani bila kujificha. Kisumu mtu anayelia barabarani Ijumaa hashangazi mtu.

Nikairudisha diski, nikalaza sanduku ubavu sakafuni, nikajaribu kuwaza kama Ouma. Kitu kimoja, kisha kingine. Kisanduku cha umeme alibadilisha. Grisi alipaka. Feni inazunguka, naiona. Kama inazunguka, upepo wake unakwenda wapi? Nikaiwasha, nikasogeza kiganja kando ya mapezi. Hapakuwa na kitu. Feni ilivuma juu, na chini yake hakuna pumzi iliyotoka. Hapo nikaelewa mahali ambapo jicho lake halikufika. Alipokivuta kile kipande mara ya kwanza alitazama chini, penye grisi. Kati ya feni na mapezi hakutazama, kwa sababu feni ilifunika, na baada ya lile sikio kukatika akaogopa kukigusa tena. Nikazima, nikachomoa waya wa umeme. Fundo lake la shaba sikuligusa. Nikafungua feni peke yake, skrubu zake ndogo za pembeni, kwa bisibisi ya mshikio mwekundu aliyoiacha mezani kwa kuwa aliiona ndogo mno kwa safari. Feni ikatoka. Chini yake sikuona mapezi, niliona mkate. Sam, maelfu kwa maelfu, mabawa na miguu, wameshikamana na vumbi na moshi wa mafuta ya taa mpaka wamekuwa kitu kimoja cheusi, kigumu, cha mviringo. Feni ya mezani iliwaleta kila jioni, kava iliyotolewa iliwafungulia mlango, na pampu ya baiskeli iliwashindilia ndani kila juma. Nikawachokoa pezi kwa pezi kwa sindano ya kushonea na mswaki wa Ouma, nikawaweka juu ya gazeti. Mkate wa Uyoma alioniahidi ulikuwa umelala mbele yangu. Nikacheka kwa sauti, peke yangu sakafuni, kicheko kibaya kilichogeuka kilio kabla hakijaisha.

Nilipoiwasha, ukurasa wa buluu ulionyesha arobaini na kidogo. Nikangoja ipande. Haikupanda. Nikaiacha iamke, nikafungua picha, na Ouma akanitazama, akabaki. Nikamtazama nikashiba, kisha nikakumbuka kwamba na mimi nimo. Nilikuwa nimeketi miezi yote ile mbele ya benchi lile. Nilijua mazishi yana macho, nilijua nani huandikwa na nani hukatwa, na mimi hata hatua ya kukataliwa sikuwa nimeifikia. Mama aliomba mwanawe amtazame mara moja. Sikuweza kumpelekea mwanawe na msichana wa Kibukusu anayekonyeza, ashike picha hiyo mbele ya wazee akiulizwa huyu ni nani. Tangu mvua ndefu nilikuwa nimeomba mashine isizimike Ijumaa. Ijumaa ile niliketi na kidole juu ya kipanya nikiomba izimike. Feni iliendelea kuvuma taratibu, mashine baridi, nzima kabisa. Nikachora mstari, nikakata uso wangu, nikahifadhi juu ya ile ile, sikuweka nakala. Lakini mkono haukutoka. Ulikuwa umelala begani mwake, na kuukata ni kukata bega. Nikajaribu kuutia giza ufanane na shati, ukaonekana doa baya, nikaurudisha. Ukabaki hivyo, vidole vinne na ukucha mmoja uliovunjika, mkono usio na mwenyewe. Nikachapa.

Kesho yake niliwahi Uyoma umande ukiwa haujakauka. Jeneza lilikuwa sebuleni, yago ndani, shuka nyeupe juu. Mama alikuwa ameketi sakafuni kando yake, macho makavu. Nikapiga magoti nikampa programu. Aliitazama muda mrefu, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Kisha kilio alichokuwa amekisubiri siku zote zile kikatoka, wanawake wakamzunguka, na kwa mara ya kwanza tangu boti ile ipinduke nilihisi nimefanya jambo la maana. Alipotulia nikaona kidole gumba chake. Alikuwa amekiweka juu ya bega la Ouma, juu ya mkono wangu, akaufunika wote. Akaniangalia usoni mara moja. Tulipokwenda kaburini kidole kilikuwa pale pale, na yago liliposhushwa kilikuwa pale pale. Nikaelewa kwamba ameniona, na kwamba ameniziba. Sikumlaumu. Niliondoka kabla ya chakula, nikafunga chumba cha Kaloleni, nikarudi Kitale. Niliolewa, nikazaa, nikazika mume wangu kwa programu ya rangi. Na nyakati nyingine, nikiwa jikoni au kanisani, nilikiona kidole kile kikishuka.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani juzi, watu walipomaliza kumzika Mama na kuanza kupanga mstari wa chakula. Achieng, ambaye sasa ni mwanamke mzima mwenye mabega yale yale, akanivuta kando. “Juma nzima nimekutafuta kwa kanisa la shangazi yako Nyalenda mpaka nikapata namba,” akasema. “Mama aliniambia, ‘Nikienda, huyo msichana wa Kaloleni lazima aje.’ Krismasi ya mwaka ule alienda huko mwenyewe kukutafuta, akakuta nyumba iko na watu wengine.” Akanipeleka chumbani kwa Mama, chumba kidogo chenye kitanda, redio, na harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani. Kutoka chini ya mto akatoa Biblia, na ndani ya Biblia ukurasa wa kwanza wa programu yangu, karatasi imelainika kama kitambaa. Ouma alikuwa bado anacheka, meno yote nje. Lakini begani mwake palikuwa peupe. Wino ulikuwa umekwisha pale, vidole vyote vinne na ule ukucha, hakuna kilichobaki.

“Aliufuta,” nikasema.

“Hakufuta. Imeisha tu,” akasema Achieng. “Kila jioni akisali alikuwa anaweka kidole hapo. Siku moja nikamuuliza, Mama, hapo unaziba nini? Akaniambia, ‘Sizibi. Huyu msichana alikuja kuzika bwana yake, na hakuna mtu alimshika mkono. Mimi namshika.’”